Mgonjwa Lazima Aulizwe Uji

Wahenga walituachia methali isemayo mgonjwa haulizwi uji. Ilikuwa methali ya huruma: mtu amelala hoi, midomo imemkauka, usimchoshe kwa maswali; pika, poza, mnyweshe. Na aliyempikia alikuwa akimjua. Alikuwa mama yake, dada yake, au jirani wa ukuta kwa ukuta. Lakini mpe uji huo mtu mwenye ugonjwa wa sukari bila kumuuliza amechoma sindano saa ngapi, amekula nini tangu jana na sukari yake ilisoma ngapi asubuhi, utaona utakavyomfikisha wodini. Kwa maradhi haya methali ile imefika mwisho wake. Mgonjwa wa sukari lazima aulizwe uji. Na leo, katika habari ya programu za simu zinazotengenezwa kwa jina lake, kwa fedha zilizoombwa kwa picha yake, haulizwi. Hiyo ni dhuluma, na tumeinyamazia mno.

Fungua duka la programu katika simu janja yoyote. Programu za kisukari zimejaa tele. Zinamtaka mtu aandike gramu za wanga alizokula. Zinamtaka aunganishe mashine yake ya kupimia kwa Bluetooth, asome mchoro wa wiki nne zilizopita, apunguze mikate, aongeze matunda, atembee nusu saa kila jioni. Zimetungwa kwa ajili ya mtu ambaye friji yake inafanya kazi usiku na mchana, kabati lake lina vijiti vya kupimia vya mwezi mzima, na tatizo lake kubwa mezani ni kuchagua. Kwa mtu huyo huenda zinafaa. Balaa linaanza zinaposafirishwa kuja kwetu: maneno yanafasiriwa, picha ya mwanamke aliyejifunga kitenge inabandikwa juu, kisha tunatangaziwa kwamba Afrika imepata ufumbuzi.

Sasa twende Dzaleka, tuone ufumbuzi huo unavyogonga mwamba.

Dzaleka iko wilaya ya Dowa nchini Malawi, kiasi cha kilomita 45 kaskazini ya Lilongwe. Palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda. Mwaka 1994 pakawa kambi ya wakimbizi, ikapangiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo wanaishi humo zaidi ya 50,000: Wakongo ndio wengi, kisha Warundi na Wanyarwanda, na wengine wametoka Somalia na Ethiopia. Kiswahili kinasikika tangu Lisungwi hadi Kawale na Katubza, sokoni, kanisani, msikitini, kwenye foleni ya maji. Malawi ilipojiunga mwaka 1987 na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka pingamizi kwenye haki za kufanya kazi na za kwenda utakako. Kwa hiyo mkimbizi anategemea mgao wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, siku hizi fedha zaidi kuliko magunia, na mgao huo umekatwa mara kadhaa kwa sababu wafadhili hawatoi.

Mweke hapo mama mwenye kisukari anayetumia insulini. Asubuhi anaamka, chombo hakina kitu. Sindano ameambiwa asiiache. Akichoma bila kula, sukari itashuka: atatetemeka, atatoka jasho, ataweweseka, anaweza kuzimia na kufa. Akiiacha, sukari itapanda, na siku zikipita itamla macho, figo na miguu. Swali lake la kwanza, kabla ya gramu za wanga na kabla ya matunda, ni hili: leo sina chakula, nifanye nini na sindano yangu? Nionyesheni programu inayoanza kwa swali hilo. Nyingi zinaanza kwa kuuliza urefu wako, uzito wako na anwani yako ya barua pepe.

Jioni watoto wanarudi, panapikwa ugali, chungu kimoja, sombe au ndagala kidogo pembeni. Hakuna sahani ya mgonjwa na sahani ya wazima. Ushauri wa kumtaka apike chakula chake peke yake unamtaka ajitenge na wanawe mbele ya chungu kilekile. Mwenye kulijua hilo angeandika ushauri tofauti: nani ale kwanza, tonge ngapi, mboga iongezwe vipi kwa bei ya soko la kambini, mama afanye nini mwezi wa Ramadhani akitaka kufunga. Huko Senegal mwaka 2014 wizara ya afya ilianza kampeni ya ujumbe wa simu kwa wenye kisukari ikaifungamanisha na Ramadhani, kwa sababu huo ndio mwezi ambao swali la kula na kutokula linamkaba mgonjwa Mwislamu. Mtu aliyatazama maisha ya watu kabla ya kuandika ujumbe. Jambo hilo halihitaji maabara.

Halafu kuna simu yenyewe. Wengi wanaochora programu hizi wanadhani simu ni mali ya mtu mmoja, iko mfukoni mwake, ina chaji, ina bando, imesajiliwa kwa jina lake. Kambini simu ni ya nyumba nzima. Baba anaondoka nayo, binti anaisomea, jirani anaiazima kupokea pesa kwa Airtel Money au Mpamba. Mara nyingi ni kitochi, haijui programu yoyote. Chaji inanunuliwa kibandani. Usajili wa laini unataka kitambulisho, na kitambulisho kwa mkimbizi ni hadithi nyingine ndefu. Ujumbe unaosema «usisahau insulini yako» ukiingia kwenye simu iliyo mkononi mwa shemeji, umemtangaza mgonjwa kwa watu ambao yeye mwenyewe hakutaka wajue. Nani angekwambia hayo? Mgonjwa angekwambia, dakika ya kwanza, kabla hujaandika hata mstari mmoja wa programu.

Tena angekwambia jambo ambalo wahandisi hawalioni kwa sababu hawajawahi kuishiwa na vocha: watu wanabipu. Simu inalia mara moja, inakatwa, aliyebipiwa anaelewa na kupiga. Huo ni mfumo uliokamilika, watu wameubuni wenyewe, hauna gharama kwa maskini. Jenga juu yake. Mgonjwa abipu, muuguzi au mgonjwa mwenzake aliyefunzwa ampigie, wazungumze kwa Kiswahili, Kirundi, Kinyarwanda au Chichewa. Hapo asiyejua kusoma na mwenye kitochi cha kuazima wote wamo.

Chukua pia suala la vipimo, linaloonekana dogo kwa asiyeugua. Mashine moja inaandika 10, nyingine inaandika 180, na zote mbili zinasema kitu kilekile, maana zinatumia vizio viwili tofauti. Mashine za msaada zinatoka nchi mbalimbali. Vijiti vya kampuni moja haviingii katika mashine ya kampuni nyingine. Mtu aliyezoea kuogopa 180 akipewa mashine inayosoma 10 anaweza kudhani sukari yake imeshuka mno, akatafuta soda. Ukiwa na wagonjwa watano mezani siku ya kwanza, jambo hili linatajwa kabla chai haijapoa. Usipokuwa nao linagunduliwa baada ya mtu kuanguka.

Msiniambie kwamba haya ni ya kambi moja tu. Watafiti waliopima watu wazima 15,013 mtaa wa Area 25 mjini Lilongwe na wengine 13,878 vijijini Karonga, kati ya 2013 na 2016, walikuta presha na kisukari mjini na kijijini, na wengi hawakuwa wakijijua. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2025 kwamba watu wazima milioni 589 duniani wanaishi na ugonjwa huu, kiasi cha milioni 25 wakiwa katika kanda yake ya Afrika, na katika kanda yetu zaidi ya 7 kati ya kila 10 hawajapimwa wakajua. Haya ni maradhi ya mama lishe, ya dereva wa minibasi, ya mwalimu, ya mkulima wa mahindi Dowa anayetibiwa katika kituo kilekile cha afya cha Dzaleka pamoja na mkimbizi. Wanaodhani tunazungumzia wachache wamelala.

Na mimi nakasirika zaidi kwa sababu Malawi inajua njia. Haihitaji kufundishwa na mtu.

Mwaka 2008, hospitali ya Mtakatifu Gabriel kule Namitete, upande wa magharibi wa Lilongwe, ilianza kutumia simu zipatazo 100 na kompyuta moja kuwaunganisha wahudumu wa kujitolea wa vijijini na wauguzi wao. Wahudumu hao walikuwa wakitembea masafa marefu kuja kutoa taarifa za mgonjwa mmoja. Hakuna aliyewaletea mashine ya ajabu. Walipewa simu za kawaida na ujumbe mfupi, intaneti haikuhitajika, na safari za mguu zikapungua. Kutoka hapo likazaliwa shirika linaloitwa leo Medic, ambalo mfumo wake unatumika nchi nyingi.

Mwaka 2011 wilayani Balaka ikaanza Chipatala cha pa Foni, hospitali ya kwenye simu. Wazo lilitoka kwa Mmalawi, Soyapi Mumba. Mama mjamzito alipiga bure, akazungumza na mhudumu wa afya kwa lugha yake. Asiyekuwa na simu alitumia ya mhudumu wa kujitolea kijijini. Wabunifu walikuwa wamekwisha kubali kwamba wanawake wengi hawana simu, wakapanga tangu mwanzo njia ya kuwafikia. Huduma hiyo ilikua hadi ikachukuliwa na Wizara ya Afya na kuenea nchi nzima.

Na tangu 2021, katika kliniki ya Lighthouse iliyopo Bwaila, Lilongwe, watu wanaoanza dawa za VVU wamekuwa wakiandikiana ujumbe na wahudumu, ujumbe unaokwenda na kurudi. Mgonjwa anaweza kujibu: nimehama, nimesafiri, nitachelewa, nina tatizo. Ujumbe wa kila wiki wa kumtia moyo hautaji VVU, ili simu ikishikwa na mwingine siri isivuje. Mfumo huo ulitengenezwa kwa kuwahusisha wahudumu na wateja wenyewe, juu ya zana huria za Medic hiyohiyo yenye mizizi Namitete. Waliojiunga nao walibaki katika matibabu kwa wingi kuliko wale waliokuja kabla yake. Haya yametendeka Lilongwe, mwendo wa saa moja hivi kutoka Dzaleka. Kwa nini mtu wa kisukari asipewe kile ambacho mtu wa VVU amekwisha kupata?

Jibu nalijua, na halipendezi. Watu wenye VVU walidai. Mwaka 1983 kule Denver, Marekani, walisimama wakasema wasiitwe wahanga, na wakataka viti kwenye kila meza inayojadili maisha yao. Mwaka 1994 serikali 42 zilizokutana Paris zikakubali kwa maandishi kwamba wanaoishi na VVU washirikishwe kikamilifu. Hapa Malawi wakaingia kliniki kama wateja wazoefu, watu wanaoishi na virusi wanaomshika mkono mgeni wa kwanza, wakamweleza dawa kwa lugha ambayo daktari hana. Hawakuachiwa nafasi hiyo kwa hisani. Wenye kisukari wamefundishwa kinyume chake: kaa kwenye benchi, sikiliza ukikemewa kwa sukari kupanda, chukua vidonge, rudi baada ya mwezi. Mtu anayefanya uamuzi wa kitabibu juu ya mwili wake mwenyewe mara kadhaa kwa siku, kila siku, hadi kufa kwake, anahutubiwa kama mtoto wa chekechea.

Na wale wanaosema mgonjwa si mtaalamu, hebu watazame historia ya teknolojia hii wanayojivunia. Mwaka 2013 John Costik, baba wa mtoto mdogo mwenye kisukari katika jimbo la New York, alichoka kutoziona namba za sukari za mwanawe akiwa kazini. Akaandika programu ya kuzitoa kwenye kipimo na kuzirusha hadi kwenye simu yake. Kazi hiyo ikazaa Nightscout, iliyosambazwa bure na wazazi wenzake. Dana Lewis wa Seattle, mgonjwa mwenyewe, aliogopa kufa usingizini kwa kuwa kengele ya kipimo chake haikuwa na sauti ya kumwamsha. Akaanza kwa kutengeneza kengele kubwa zaidi. Mwaka 2015 yeye na wenzake walikuwa wametoa hadharani mpango wa kongosho bandia ambao yeyote angeweza kuufuata. Kampuni zenye mabilioni zilikuwa bado zinasubiri. Wagonjwa walikwisha tangulia.

Watasema hao ni Wamarekani wenye kompyuta. Haya, Dzaleka pia kuna kompyuta. Remy Gakwaya, mkimbizi kutoka Burundi, alijifunza mwenyewe kuandika programu kisha akawafundisha wenzake kambini, wakimbizi na Wamalawi wa vijiji vya jirani pamoja. Kuna Radio Yetu inayorushwa na watu wa kambi kwa lugha zao. Kuna tamasha la Tumaini, lililoanzishwa na mshairi Menes la Plume mwaka 2014, linaloendeshwa na wakimbizi wenyewe na kuvuta maelfu ya wageni. Kambi inayoweza kuendesha tamasha la kimataifa na redio, ikawatoa waandishi wa programu, ikifika kwenye afya inageuzwaje ghafla kuwa kundi la watu wa kuhesabiwa na kupigwa picha? Mgonjwa yupo, mwandishi wa programu yupo, na mwendo wa saa moja hivi tu unawatenganisha na hospitali ya Kamuzu Central, Lilongwe. Kinachokosekana ni mwenye fedha kukubali kwamba kazi hii waifanye wao.

Wapo pia watafiti wanaojua namna ya kusikiliza. Katika kambi ya Dagahaley, Dadaab nchini Kenya, wagonjwa hawakuruhusiwa kukaa na insulini nyumbani kwa kuwa hawana friji. Walilazimika kwenda hospitali kila siku kuchomwa. Madaktari Wasio na Mipaka wakachukua joto halisi la nyumba zile, linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, na pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva wakaipima insulini katika joto hilo kwa wiki nne. Matokeo yaliyotoka mwaka 2021 yalionyesha kwamba insulini ilibaki na nguvu yake. Kilichoanzisha utafiti ule ni adha ya mtu anayekatiza vumbi kila siku kwa ajili ya sindano. Ukianzia kwa mgonjwa, hata sayansi inauliza maswali mazuri zaidi.

Na hapa ndipo ninaposimama, mnisikie vizuri. Anayeuliza swali la kwanza ndiye anayeamua mashine itakuwa nini. Mfadhili akiuliza, atauliza: tutamfanyaje mgonjwa atii? Utapata programu ya kukumbusha na kukemea. Kampuni ikiuliza, itauliza: tutauzaje? Utapata vijiti visivyoingia kwenye mashine ya jirani. Mgonjwa akiuliza, atauliza: insulini ipo leo kituoni, au nitoe nauli bure? Mashine ya kupimia inafanya kazi, au vijiti vimekwisha? Nani aliye macho usiku huu nikianza kutetemeka? Nikipewa rufaa ya Dowa au Lilongwe, kibali cha kutoka kambini kitafuata, na gari lipo? Hizo ndizo huduma ambazo simu, hata kitochi, inaweza kuzitoa kesho asubuhi, na hakuna anayeziweka mwanzo kwa sababu hakuna aliyewauliza wenye haja nazo.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu: dawa kwanza, simu baadaye. Insulini iligunduliwa Toronto mwaka 1921, na wavumbuzi wake waliuza haki yao kwa dola moja kila mmoja ili isije ikawa mali ya wachache. Zaidi ya miaka 100 baadaye, kuikosa kungali kunaua Waafrika. Basi hata mimi nasema dawa kwanza. Lakini angalia ni nani anajua kabla ya wote kwamba dawa zimeisha: ni yule aliyerudishwa dirishani mikono mitupu. Mpe njia ya kutangaza hilo kwa simu, mfumo uhesabu, taarifa ifike wilayani na wizarani siku hiyohiyo, na iwekwe hadharani. Simu iliyobuniwa na wagonjwa inakuwa silaha ya kudai dawa. Iliyobuniwa bila wao inakuwa pambo linaloficha kwamba dawa hazipo.

Pingamizi nyingine sina subira nazo. Eti kushirikisha watu kunachelewesha kazi: kazi gani, ile inayofutwa kwenye simu baada ya wiki mbili? Eti wakimbizi ni wapitaji: Dzaleka imesimama tangu 1994, watoto waliozaliwa humo sasa ni wazazi. Eti walishirikishwa: wakaitwa kwenye warsha katika hoteli ya Lilongwe, wakapewa posho na fulana, wakaulizwa kama rangi ya kitufe inawapendeza, wakapigwa picha, na ripoti ikaandikwa kwamba jamii imehusishwa. Huo ni utapeli uliopigwa pasi. Mtu anayeitwa kazi ikiwa imekwisha ameitwa kushuhudia.

Kisha kuna jambo zito zaidi, usalama. Mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi wanaoishi nje ya kambi warudi Dzaleka. Polisi wakawakusanya watu, maduka yakafungwa, familia zikabebwa na watoto wao. Baada ya hayo, mnaleta programu inayotaka kujua mtu alipo, jina lake kamili na namba yake ya ukimbizi, mnashangaa haipakuliwi? Malawi ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2024. Itumike hapa, na itumike kwa wasio raia sawa na raia. Taarifa za sukari ya mtu ni za mtu. Asizione mwajiri, asizione askari, asizione mfadhili anayezitaka kwa ajili ya ripoti yake ya mwaka.

Basi madai ni haya, na hayana utata. Kwanza, mradi wowote wa simu kwa wenye kisukari, uwe Dzaleka au Area 25, usipate kibali wala fedha mpaka wagonjwa wawe wamekaa na kuandika wenyewe tatizo la kutatuliwa. Pili, walipwe, kwa mkataba, kama anavyolipwa mshauri anayeshuka na ndege. Ujuzi wa kuishi na sindano miaka 15 ni ujuzi. Tatu, wawe na sauti ya kukataa: wakisema hiki hakitufai, kisitoke. Nne, kila kinachojengwa kifanye kazi kwenye kitochi, kwa sauti, bila gharama kwa mtumiaji, kwa lugha zinazosemwa kambini pamoja na Chichewa. Tano, kazi ya kuandika programu wapewe vijana waliofunzwa Dzaleka na Lilongwe, na programu ibaki huria ili isife mfadhili akiondoka. Sita, Wizara ya Afya iwaajiri wateja wazoefu wa kisukari kama ilivyofanyika kwa VVU, wakimbizi wakiwemo, maana hakuna simu inayoweza kukaa kitandani kwa mtu saa nane za usiku.

Wizara ya Afya, Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, UNHCR, mashirika na vyuo vikuu vyote mnaoandika maombi ya fedha kwa jina la mgonjwa wa Dzaleka: waiteni wagonjwa kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza, la sivyo msiandike. Nanyi ndugu zangu mnaoishi na sukari, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wamalawi, msingoje barua ya mwaliko. Undeni kikundi pale kituoni siku ya kliniki, chagueni wasemaji wenu, andikeni orodha ya mnayoyataka kwa lugha yenu. Akija mtu na simu mkononi kuwaonyesha alichowatengenezea, mpeni kiti, mpeni maji, kisha mpeni orodha hiyo na mumwambie kazi inaanzia hapo.